Msumari Usio na Kofia

Mwende,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako naijua. Uko kwa Faith, mlango wa nne kutoka hapa, umeketi chini katikati ya magoti yake, anakuvuta nywele na unajifanya huumii. Ulisema hizo rasta ndogo zitachukua masaa manne. Mimi leo niko ofu, nguo zako nimeshapiga pasi, miguu nimeiweka kwa beseni la maji ya chumvi, na hii ndiyo nafasi nimepata. Kesho asubuhi ukipanda gari la Kajiado mimi nitakuwa nimeshaingia shifti Isinya, nimesimama kwa ile baridi nikipanga maua.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango, ya kula vizuri, ya wanaume. Hayo tumeyasema mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Niko na jambo moja tu, na ningelisema kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa wa kusema. Wangu ni wa kuimba. Ikifika kusema, unakauka.

Jumanne, ukiwa umeenda kuchukua vyeti vyako, Resiato alinipigia simu. Wewe unamwita Mheshimiwa, na ni sawa, ameteuliwa, yuko bunge la kaunti. Lakini mimi nilimjua akiwa bado mama wa kuku wa mayai kule nje ya Isinya, anazunguka kuomba kura za wadi yetu na kuanguka.

"Syombua, uko mzima?"

"Niko, Mheshimiwa."

"Wacha hiyo. Msichana wako nitamchukua. Anaandika vizuri, na kompyuta anaijua kuliko wale niko nao. Lakini kuna kitu kimoja."

Nikakaa chini kabla hajakitaja.

"Ule wimbo," akasema. "Umeshamwambia?"

"Bado."

"Mwambie wewe. Mwaka ujao natafuta kiti cha kura, na wataimba tena, unawajua. Kutakuwa na mtu wa kumnong'oneza. Sitaki asikie hivyo akiwa amebeba karatasi zangu mbele ya umati. Akijua, na bado anataka kuja, aje."

Nikasema, "Resiato, mimi hata..." Akanikata. "Kwanza mtoto," akasema. "Yetu itangoja." Akakata simu.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano nilipika muthokoi nikijiambia tukila nitamwambia. Tulikula. Alhamisi nilikuwa shifti. Ijumaa ulikuwa na furaha sana, ukijaribu ile sketi nyeusi mbele ya kioo na kusema, "Mathe, cheki karani wa Mheshimiwa," nikacheka na wewe. Jana nilisema kichwa kinaniuma. Leo ni Jumapili.

Wimbo wa kofia niliutunga mimi.

Unaujua. Kila mtu hapa Kitengela wa umri wako anaujua, mliuruka nao kamba. *Kwa ukuta kuna msumari, kofia iko wapi? Boma limemshinda, wadi atawezaje?* Watu husema ulitoka kwa vijana wa kampeni, wengine husema ulitoka Kajiado. Ulitoka hapa, kwa hii nyumba, nikiosha vyombo.

Acha nikueleze ulivyokuja, bila kujipaka mafuta.

Nilipoanza kazi ya maua ulikuwa mdogo, na mimi mwenyewe nilikuwa bado msichana. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, hilo unalijua, shule nikaiachia kidato cha pili. Kule pakhausi, ghala la kufungia maua, tunasimama kwa meza ndefu, kila mtu anapima urefu wa shina, anatoa majani, anafunga. Baridi yake inaingia kwa mfupa. Mimi nikaanza kuimba ili nisilale nimesimama. Nikiona supavaiza ametupitia na sura yake, namtungia mstari mmoja, wenzangu wanaitikia, na mkono unaenda haraka. Nyumbani kwa mama, Makueni, kila shamba lilikuwa na mtu wa kuanzisha. Hapa nikawa mimi. Sikuona kama ni kitu. Niliona ni kama mtu anayejua kupiga mluzi.

Halafu ukaja mwaka wa uchaguzi, ukiwa darasa la tatu. Kuna mzee mmoja alikuwa anasimamia kampeni ya mtu aliyetaka kiti cha wadi, tulimwita Cheameni. Akasikia kuna mama anatunga. Akaja hapa nyumbani, akaketi kwa hicho kiti chako, akanywa chai vikombe viwili. Akasema akina mama ndio wanabeba uchaguzi, na nikiwaleta wale wa pakhausi na wale wa kikundi chetu, tukapewa leso za rangi moja, jina langu litawekwa kwa orodha. Akasema hivi: "Mama Mwende, kuna viti vya kuteuliwa vya akina mama. Unafikiri vinakaliwa na nani? Ni watu kama wewe."

Watu kama mimi. Mwende, hakuna mtu alikuwa ameniambia neno kama hilo tangu niache shule. Usiku huo nilijiona nimeketi Kajiado kwa kiti cha ngozi, na wewe unaniletea maji kwa glasi.

Kwa hivyo tuliimba. Tulimwimbia mtu wake kila Jumamosi, kwa jua, kwa vumbi, tumevaa leso, tumesimama mbele ya jukwaa. Kwa jukwaa hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Hilo sikuliona wakati huo. Nilikuwa naliangalia kila Jumamosi, na sikuliona.

Sasa Resiato naye alikuwa anatafuta hicho kiti. Alikuja kwa geti ya kazini saa ya chakula, yeye na binamu yake mmoja tu amebeba spika. Hakuwa na leso za kutugawia. Akatuuliza tukiwa sokoni tunajisaidia wapi. Akasema, "Mimi najua mnaenda wapi, kwa sababu pia mimi huenda huko, nyuma ya ile kontena, na nachukua mtu wa kunisimamia." Wanaume pale kwa geti wakacheka, lakini akina mama hatukucheka. Halafu akasema mambo yake mwenyewe bila kuulizwa. Kwamba aliolewa Loitokitok akarudi kwa baba yake. Kwamba alipoenda kwa wazee wa ukoo kuomba baraka, walimwambia, "Binti yetu, kura huombwa mahali mtu ameolewa." Na kule alikoolewa wakamwambia, "Wewe si ulituacha?" Akasema, "Sasa nimekuja kwenu, kwa sababu naona hata nyinyi mmetoka mahali pengine."

Hayo maneno yalinigusa, sitakudanganya. Yaligusa wengi. Cheameni akasikia yamegusa, na siku ya pili alikuwa hapa tena.

"Tunataka kitu cha kumpunguza kidogo," akasema.

"Nimpunguze wapi?"

"Pale kwa ndoa. Hapo hapaumizi mtu sana. Ni mzaha tu wa kampeni, hata yeye atacheka."

Nilikuwa naosha vyombo. Nikainua macho, na kitu nilichoona ni ule msumari wa ukutani, nyuma ya mlango.

Huo msumari aliupiga baba yako. Alikuwa na kofia moja ya rangi ya kahawa, jasho limeichora mstari hapo kwa paji. Akiingia anaitundika kabla hajasema neno, na mgeni akifika anajua nyumba ina mwenyewe. Alipoenda kutafuta kazi ukiwa nasari, aliiacha. Nikajiambia mtu hawezi kuacha kofia yake kama harudi. Nilikuwa naipanguza vumbi. Mwaka ulipoisha alimtuma ndugu yake mdogo aje kuichukua. Alichukua kofia na redio, akanywa maji, akaenda. Hakuuliza unasoma darasa gani. Kwa hivyo mimi nilijua msumari mtupu unasema nini kila mtu anapofunga mlango. Nilijua pahali panauma kwa sababu palikuwa pangu.

Na nikachukua hapo pangu, nikampelekea mwanamke mwingine.

Wimbo ulitoka wote mara moja, kama nyimbo nzuri zinavyotoka. Cheameni alipiga meza akicheka. Jumamosi hiyo niliuanzisha, na akina mama wakaudaka kama walikuwa wamezaliwa nao. Nimefikiria sana kwa nini waliudaka. Nusu yetu hatukuwa na kofia nyumbani, Mwende. Wajane, walioachwa, wale ambao mwanamume yuko lakini hayuko. Tuliimba kwa nguvu ndiyo mtu asigeuke kututazama sisi.

Baada ya hapo haukuwa wangu tena. Ukaingia sokoni, ukaingia kwa boda boda, ukaingia shule yenu.

Sasa nakuja kwa ile siku. Sijui kama unaikumbuka. Nimewahi kukuchunguza nione kama unaikumbuka, na sijapata jibu.

Resiato alikuwa na mkutano mdogo pale kwa kioski cha maji. Mimi nilikuwa kwa foleni na mitungi yangu, sikuwa nimekuja kumsikiza. Akaanza kuongea, na mtu mmoja nyuma akaanza ule wimbo kwa pua, hata bila maneno, sauti peke yake. Watu wakatabasamu. Wengine wawili wakaingia. Yeye akashusha maikrofoni. Hakukasirika. Alisimama tu kama mtu anayengoja lori lipite barabarani ndiyo aendelee. Lakini halikupita, na ikabidi ashuke.

Nyinyi watoto mlikuwa mnacheza hapo kando, mnaimba kwa sauti, na kofia ya karatasi mmetengeneza. Akapitia kwenu. Wewe ulikuwa mbele. Na wewe ulikuwa umezoea wenzako wa shule, akina Nashipae wa kabila la Resiato, jinsi wanavyomsalimia mtu mzima. Ulipomwona amekaribia uliacha wimbo katikati, ukainamisha kichwa mbele yake kungojea akuwekee mkono utosini. Wenzako walikimbia. Wewe ulibaki hapo umeinama, mtoto wa Mkamba, kichwa kina vumbi.

Alikutazama. Mimi nilikuwa hatua kama kumi, mtungi umejaa na unamwagika juu ya viatu vyangu na mfereji siufungi. Nilifikiri atakuzunguka apite. Aliweka mkono wake wote juu ya kichwa chako, akauacha hapo kidogo.

"Nakerai," akakuita, yaani mtoto. "Wimbo mzuri hivi, nani amekufundisha?"

Ukainua uso, ukasema kwa fahari, "Ni mama yangu. Yeye ndiye ametunga."

Na ukanionyesha kwa kidole.

Akanitazama. Hakuja. Akakuambia, "Mama yako ana kichwa kizuri," akamwita binamu yake, wakabeba spika yao wakaenda.

Kwa hivyo amejua siku zote. Nataka uelewe hilo. Si jambo aliambiwa baadaye na mwenye chuki. Alilisikia kwako, mkono wake ukiwa bado juu ya kichwa chako.

Jioni hiyo ulikuwa unafanya hesabu za nyumbani, mimi nakoroga ugali. Ukatazama mlango ukasema, "Mama, na yetu kofia iko wapi?" Uliuliza tu kama mtoto. Nilikujibu vibaya, nikakuambia umalize kazi yako. Kama umewahi kujiuliza kwa nini niliacha kuimba ndani ya nyumba, ni kutoka hapo.

Resiato alianguka. Mtu wetu aliingia. Nilingoja orodha. Orodha ikatoka, jina langu halikuwemo, nikasema labda wameniandika kwa jina lingine, unaona mtu anavyojidanganya. Nikaomba ruhusa kazini, nikavaa ile nguo yangu ya kanisa, nikaenda Kajiado. Niliketi kwa benchi pale nje ya ofisi kutoka asubuhi mpaka watu wa usafi wakaanza kuinua viti. Alipotoka, mheshimiwa wetu mpya, alinitambua. Alifurahi hata. Akasema, "Ah, Mama wa Nyimbo! Uko aje?" Nikasema niko poa. Akangoja nimwimbie kitu. Nikaona anangoja. Kumbe hakuwa anajua jina langu, na hakuna siku alikuwa amelijua, kwa sababu sauti haihitaji jina. Nikarudi na gari la jioni.

Usifikiri basi nilibadilika hapo nikawa mtu mwema. Nilichoka tu. Uchovu na toba vinafanana kwa mbali, lakini mtu mwenyewe anajua tofauti.

Uchaguzi uliofuata Resiato akasimama tena. Safari hii nikasema nitamsaidia bila kuonekana. Nilimtungia wimbo wa sifa. Nikaupeleka kwa wenzangu pakhausi, wakauimba mara mbili kwa sababu yangu, ukafa. Hakuna aliyeupeleka nyumbani. Ule mwingine ndio ulirudi wenyewe, hata sikuwa nimefungua mdomo, vijana wakaupigia vinanda. Nilienda kwa Halima, yule wa duka la vitambaa ulikonunuliwa yunifomu. Halima ni mtu wa maneno machache, amekuja kutoka Garissa na kulea watoto sita hapa peke yake. Nikamwambia kila kitu, nikamuuliza, mtu anaurudishaje wimbo?

Alikuwa anapima kitambaa. Hakuacha kupima.

"Syombua, mafuta ya taa yakimwagikia kitambaa, unafua na sabuni gani?"

"Hakuna."

"Basi unauliza nini? Usiimbe mwingine. Nenda useme ni wewe."

"Niseme wapi?"

"Pale ulipoimbia."

Sikwenda. Hilo ndilo kosa langu la pili, na naliona ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa sijui linafika wapi. La pili nilikuwa najua kila kitu. Jukwaa lilikuwa pale pale, Jumamosi zilikuwa zile zile, na kama mama aliyetunga angepanda aseme, "Huu msumari ni wa kwangu, si wa huyu," watu wangecheka, ndiyo, lakini wangemcheka mtu wa kweli. Nilijiambia niko na mtoto wa kupeleka sekondari, nitafukuzwa kwa kikundi, nani atanisaidia. Vyote vilikuwa kweli. Alianguka tena, na kwa kura chache. Zile chache zinanisumbua kuliko kama zingekuwa nyingi.

Baadaye chama chake kikamweka kwa orodha ya kuteuliwa. Watu wakaanza jina lingine. Wanawaita hao akina mama maua, kwamba wamewekwa pale kupamba meza. Mimi na maua tunajuana. Ua linakatwa bado halijafunguka, linawekwa kwa baridi, linafungwa na wenzake wa urefu mmoja, na lililopinda linatupwa chini ya meza. Nikasema huyu naye watamfanya hivyo. Na kuna siku walimfanya. Kuna mambo amenyamazia huko ambayo hakupaswa kunyamazia, utayaona mwenyewe ukishika hizo faili. Lakini aliuliza juu ya choo cha soko. Akauliza tena. Aliuliza mpaka wakawa wanacheka akisimama. Sasa kile choo kipo, na mlango wake una komeo kwa ndani. Kila nikilifunga hilo komeo mimi humkumbuka, na si mahali mtu anapenda kukumbukiwa.

Halafu ni wewe. Mwaka jana ulienda na mimi kwa ule mkutano wa kutoa maoni ya bajeti, kwa sababu nilikuambia kuna soda. Karani akawa anasoma yale tuliyosema, ukanyoosha mkono ukasema, "Sivyo walivyosema. Mimi nimeandika kwa simu." Ukasoma. Neno kwa neno, mpaka mahali Halima alikohoa. Ukumbi wote ukageuka. Resiato alikuwa mbele, akakuuliza, "Wewe ni wa nani?"

"Wa Syombua."

Nikaona anacheka kidogo, akiangalia chini kwa karatasi zake. Watu walifikiri amefurahishwa na ujasiri wako. Labda pia.

Sasa unajua. Nimeandika mkono umekufa ganzi, na maji ya beseni yamepoa.

Kuna vitu viwili vitatu naomba uvisikie, halafu uamue.

Usiende Kajiado kunisafisha. Hiyo ni kazi yangu, na nimeiahirisha miaka, lakini haiwezi kuwa yako ya kwanza. Kama unaenda, enda kwa sababu ile siku ya bajeti uliona maneno ya watu yakipotea na hukuvumilia. Hiyo sikukufundisha. Hiyo ulikuja nayo.

Na usimwabudu Resiato. Ana hasira fupi, huchelewa, na akiumwa na meno hakuna mtu wa kumkaribia. Mtu akishaumizwa sana tunapenda kumfanya malaika ili tujisikie nafuu. Mimi nimefanya hivyo. Anataka karani.

Wataleta mizaha. Haiji ikiwa na sura mbaya, Mwende. Inakuja ikicheka, inakunywa chai yako vikombe viwili, inakwambia uko na kipaji. Watakuja na jambo la mwanamke mwingine, anayeshindana na Resiato labda, kwa sababu siku hizi akina mama wanashindana wao kwa wao, na watasema mpunguze kidogo. Na litakuwa jambo unalolijua vizuri, litakutoka kwa ulaini. Ukiona linakutoka kwa ulaini sana, tazama ukuta wako kwanza.

Hiyo ndiyo yote niko nayo. Ningependa iwe zaidi, kwa umri huu.

Ukisoma ukaona hutaki kwenda, kaa. Nitampigia mimi nimwambie. Ukiona hutaki kunisemesha, pia nitaelewa, nitakuachia chakula kwa sufuria na tutapitana hapa ndani mpaka hasira ikuishe. Lakini usikae kwa sababu ya aibu. Aibu ni yangu, na nakukataza kuibeba. Hapo sina mchezo.

Mwisho wa mwezi nikipata ofu nitakuja Kajiado mwenyewe. Nitaketi kwa benchi tena kama itabidi. Na wakianza mikutano mwaka ujao, nitatafuta lile jukwaa. Halima amesema atakuja kusimama karibu yangu, hata kama hatasema kitu. Naogopa, lakini nimemwambia Halima, na ukishamwambia Halima huwezi kurudi.

Barua hii naitia kwa mkoba wako, mfuko wa mbele, pale unapoweka chaja. Mkoba umening'inia kwa ule msumari. Nimeutazama alasiri yote. Ni wewe uliutundika hapo jana bila kufikiri, na nyumba imeonekana ina mwenyewe.

Nawasikia wewe na Faith mkicheka huko nje, kwa hivyo nywele zimeisha.

Ukifika kwa Resiato, usimpe mkono kwanza. Inamisha kichwa kama ile siku. Ile siku ulikuwa hujui umeinamia nini, sasa unajua. Atakugusa au hatakugusa, hilo ni lake. Wewe ngoja tu hapo umeinama. Na akikuuliza ni nani amekufundisha, mwambie ni mama yako.

Syombua